Zima Hicho

Bibi hakuwa mtu wa kuhojiwa. Ukimuuliza swali kavu alikujibu kwa swali, na ukilirudia alikutuma dukani. Kwa hiyo nilipotaka kuihifadhi sauti yake nilikwenda alasiri, saa ya kuchagua mchele, nikaiweka simu juu ya jamvi baina yangu na ungo. "Bibi, nakurekodi," nikamwambia, "wajukuu wa Maskati wapate kukusikia." Akaitazama ile simu kama anavyotazamwa paka wa jirani aliyejikaribisha mwenyewe. Akasema haya, mradi isile mchele.

Sauti hiyo ina saa 1 na dakika 12. Nusu saa ya kwanza ni ya watu wote. Kuna namna ya kupika bokoboko lisiloshika chini ya sufuria. Kuna majina ya waliokuwa wakikaa Ng'ambo kabla nyumba zao hazijabomolewa kupisha maghorofa ya Michenzani, mlango kwa mlango, kama mtu anayesoma daftari la kodi. Kuna jogoo asiyejua wakati. Kisha, dakika ya 31, mchakacho wa mchele unakoma, na bibi anasema: "Sasa, mke mwenzangu, zima hicho."

Inasikika nguo ikijivuta, halafu ukucha ukigonga kioo. Nilibonyeza kitufe cha ubavuni. Kioo kikawa cheusi. Kwangu mimi, na kwa bibi aliyekuwa amekikodolea macho, kilikuwa kimezimwa.

Kumbe kilichozimika ni mwanga tu. Chini ya kioo cheusi simu iliendelea kusikiliza, na kwa dakika 11 bibi alinieleza jambo la nyumba yetu ambalo sikuwa nikilijua na ambalo halimo katika maandishi haya. Dakika ya 42 akauvuta ungo, mchakacho ukaanza upya, tukarudi kwenye bei ya karafuu.

Usiku ule nilipoiwasha kompyuta nyumbani kwangu, sauti ilikuwa imeshafika. Faili lilikuwa limekaa ndani ya folda na tiki ndogo ya kijani ubavuni, ishara ya kwamba mambo yote ni salama. Simu ilikuwa imeshika Wi-Fi ya mjomba, na programu ya wingu iliyotoka nayo dukani ikafanya kazi yake: ikalichukua faili, ikalipandisha, ikalishusha kwenye mashine yangu ya pili. Kutoka kwenye jamvi la bibi hadi mezani kwangu ni mwendo wa dakika 10 kwa daladala. Sauti yake ilikuwa imezungukia nchi nisiyoijua, na ule mchele nadhani ulikuwa bado jikoni.

*

Haki ya wingu niitoe mapema, maana limenitoa katika mashaka. Ninaishi kwa kuhariri vitabu vya shule. Kuna wakati kompyuta yangu ilikunywa chai ya maziwa, nusu kikombe, kupitia baina ya N na M, na haikuamka tena. Mswada wa kurasa 300 ulikuwa umebakisha siku 4 kwenda kwa mchapishaji. Nikaazima kompyuta ya shemeji, nikaandika nywila, nikaukuta mswada wangu mzima, hadi mkato wa mwisho nilioutia kabla ya kikombe kupinduka. Nilikaa pale nikicheka peke yangu, shemeji akadhani nimepata habari ya posa.

Drew Houston, mmoja wa waasisi wawili wa Dropbox, husimulia kwamba alipanda basi kutoka Boston kwenda New York akitaka kufanya kazi njiani, akagundua flashi ameisahau nyumbani. Kampuni yao ilianzishwa mwaka 2007. Google Drive ilifuata mwaka 2012, na hivi sasa simu nyingi zinazouzwa Darajani zinakuja na wingu lake tayari. Ukiisikiliza vizuri hadithi ya lile basi utaujua ugonjwa uliokuwa ukitafutiwa dawa: kitu kimebaki nyumbani. Wingu lilizaliwa kuutibu ugonjwa huo. Ndiyo maana halielewi kwamba yako mambo yanayobaki nyumbani kwa makusudi.

Kiswahili cha kwenye simu kinaiita kazi hii kusawazisha, na neno hilo linasema mengi. Fundi wa sakafu naye husawazisha. Anapitisha ubao juu ya saruji mbichi. Palipoinuka anapashusha, palipobonyea anapajaza, na hamuulizi mtu. Programu ya kusawazisha hulikata faili vipande, kila kipande ikakikokotolea alama kutokana na yaliyomo, kisha ikalinganisha alama za huku na za kule. Panapotofautiana inapeleka kipande kipya. Ukiongeza neno huku, kule linaongezeka. Ukifuta huku, kule kunafutika pia, na unabaki kutegemea pipa la takataka, ambalo huduma nyingi hulimwaga baada ya siku 30. Wenye kuijua kazi hii husema kila siku kwamba kusawazisha si kuweka akiba, kwa sababu akiba hukumbuka jana, na ubao wa fundi haukumbuki kitu.

*

Sisi wa visiwani hatuhitaji kufundishwa kwamba wingu liko chini ya bahari. Umeme wetu unatoka Bara kwa waya uliolazwa baharini na kuibukia upande wa Fumba. Desemba 2009 njia hiyo ilipata hitilafu, na Unguja ikakaa bila umeme huo miezi 3, hadi Machi 2010. Mwenye jenereta aliunguruma, asiye nalo alitafuta kandili, na sote tulirudi kwenye ndoo na kamba ya kisima. Intaneti nayo inakuja kwa njia hiyo hiyo ya samaki. Waya wa SEACOM ulifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, wa EASSy mwaka uliofuata. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 zote mbili zilikatika upande wa kusini, baina ya Msumbiji na Afrika Kusini, na mtandao wa nchi kadhaa za huku kwetu ukabaki kukokota mguu.

Siku ile nilitaka kufungua mswada mmoja. Jina lake nililiona pale pale lilipo siku zote, lakini nilipolibonyeza halikufunguka. Ubavuni pake, badala ya tiki ya kijani, palikuwa na kiwingu. Ndipo nilipoelewa kwamba programu, kwa nia njema ya kunipunguzia mzigo wa diski, ilikuwa imelibakisha jina na mwili ikaupeleka juu. Ni sawasawa na kuona viatu mlangoni ukabisha hodi, kumbe mwenyewe ametokea mlango wa uani. Toka siku hiyo najua kwamba kuliona faili na kuwa nalo ni mambo mawili.

Tena wingu huungua. Tarehe 10 Machi 2021, usiku, moto uliliteketeza jengo moja la ghorofa 5 la kampuni ya OVHcloud katika mji wa Strasbourg, Ufaransa. Lilikuwa limejaa mashine zilizobeba tovuti na mafaili ya watu wa nchi nyingi, na wako waliojua siku ile kwamba nakala yao ya akiba ilikuwa katika kiwanja hicho hicho. Nilizisoma habari hizo nikiwa bado na majonzi ya hapa kwetu. Haikuwa imepita hata miezi 3 tangu tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka. Jumba lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, lililogeuka makumbusho ya mji mzima, liliwaangukia mafundi waliokuwa wakilitengeneza, na wawili walifariki. Nyumbani napo huanguka.

Kwa hiyo wanaotushauri tusiweke tegemeo pahala pamoja hawakukosea. Kanuni yao inajulikana kwa tarakimu 3-2-1, na aliyeieneza ni mpiga picha wa Kimarekani, Peter Krogh: uwe na nakala 3, kwenye vyombo vya aina 2, na 1 kati ya hizo ilale nje ya nyumba. Ni kanuni ya mtu mzima aliyewahi kupoteza. Wazee wetu walikuwa na yao, kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Ila nilipojaribu kuitia kanuni hiyo juu ya zile dakika 11, ilinikwama. Kadiri kitu kilivyo na thamani, kanuni inataka kizidishiwe nakala, na kwangu hapakuwa na kitu chenye thamani kuliko kile. Lakini kwa kila nakala niliyoifikiria nilikuwa nikimwona bibi akikitazama kioo cheusi na kukiamini.

*

Niliwahi kukaa Lamu wiki mbili katika jumba la zamani la mawe, na mpangilio wake ndio ulionipa mwanga. Ukitoka njiani unafikia daka, penye viti vya mawe. Mpita njia yeyote anaweza kuketi hapo. Ukikaribishwa unapita tekani, pembe iliyopinda makusudi jicho la njiani lisiingie, ukatokea kiwanda, uwanja ulio wazi kwa mbingu. Mbele ya kiwanda kuna msana wa tini, kisha msana wa yuu ulioinuka kidogo, kisha ndani. Hakuna bango linalosema usipite. Sakafu inapanda kidogo, mwanga unapungua kidogo, na mgeni mwenye adabu anajua mguu wake uishie wapi. Kuna watu wa daka miaka 40 ambao hawajawahi kukiona kiwanda, na hawakununa.

Nikarudi Unguja, nikatengeneza folda tatu: Daka, Kiwanda, Ndani. Daka ndiyo niliyoiruhusu ipande bila masharti. Humo nilitia miswada ya wateja, vyeti, stakabadhi za kodi, nakala ya pasipoti. Vitu ambavyo nikivipoteza nitasumbuka na ambavyo maofisa wameshaviona mara mia. Kiwanda nikatia picha za harusi na za watoto, ambazo hupanda kwa kukaribishwa, nikishazipitia moja moja. Picha ya binamu akiwa amelala mdomo wazi haikupita tekani. Ndani nikatia shajara, barua mbili za zamani nilizozipiga picha, hadithi ninazoziandika ambazo bado hazijui kutembea, na zile dakika 11. Sauti ya bibi niliikata vipande vitatu. Cha kwanza na cha mwisho nilivishona pamoja nikawapelekea Maskati, walie kwa bokoboko. Cha kati kikabaki.

Hapo nikafanya kosa, nami nalieleza kwa sababu najua si langu peke yangu. Folda zote tatu zilikuwa ndani ya folda kubwa inayosawazishwa. Katika mipangilio ya programu niliona orodha ya folda, kila moja na kisanduku chake cha tiki, na maelezo kwamba nichague zipi zisawazishwe. Nikaitoa tiki kwenye Ndani nikashusha pumzi. Papo hapo Ndani ikatoweka kwenye kompyuta yangu. Niliitafuta kwa mikono inayotetemeka hadi nilipoingia kwenye wingu kwa kivinjari, nikaikuta imetulia huko, nzima, pamoja na bibi.

Kisanduku kile kilikuwa kikiniuliza kitu gani sikihitaji kwenye mashine hii, mimi nikajibu kitu gani sitaki kiende kwao. Chaguo lipo, ila mlango wake unafungukia upande wa pili. Unaweza kulitoa faili nyumbani likabaki winguni kwa kutoa tiki moja. Kulitoa winguni likabaki nyumbani hakuna tiki yake. Inabidi ulibebe mwenyewe, ulitie pahala ambapo programu haina funguo, kisha ulifute kule, kisha ulimwage pipa. Ndivyo nilivyofanya usiku ule. Hata hivyo kampuni kubwa huandika katika masharti yao kwamba nakala za ndani kabisa, zile za akiba yao wenyewe, huchukua wiki au miezi kuisha. Nikahesabu miezi hiyo kama anavyohesabu mtu mwenye deni.

*

Kabla miezi hiyo haijaisha nilikwenda kumwambia. Ilikuwa Ijumaa, baada ya sala, bibi amevaa kanga mpya yenye harufu ya duka. Nikakiri kwake kwamba siku ile simu haikuzimika. Hakukasirika. Aliuliza kama anavyouliza bei.

"Imesikiwa na nani?"

"Hakuna aliyesikia, bibi. Ilihifadhiwa tu."

"Imehifadhiwa na nani?"

"Kampuni."

"Ya nani?"

Nikaanza kumweleza habari za hisa na wenye hisa, nikasikia mwenyewe kwamba naropoka, nikanyamaza. Bibi akatia tambuu mdomoni. "Amana huwekwa kwa mtu, mwanangu," akasema. "Na mimi sikusema na simu. Nilisema na wewe."

Basi. Hakuniambia nifute wala nisifute, na sikupata tena nafasi ya kumuuliza vizuri. Mwaka huu unatimia mwaka wa nne tangu tumzike.

Neno lake nimelichukua kama lilivyo. Tuliosoma chuoni tulifundishwa hukumu za amana kabla hatujajua kufunga kamba za viatu: mwenye kuwekewa amana haitumii, wala hamkabidhi mtu mwingine bila idhini ya mwenyewe. Tangu Mei 2023 nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, nayo inazungumzia ridhaa, nami naiheshimu. Lakini ridhaa ya bibi najua ilipoishia. Iliishia dakika ya 31, kwa sauti yake mwenyewe, na ushahidi ninao katika kile kipande cha kwanza.

Kijana mmoja wa familia, mjuzi wa mambo haya, aliposikia kwamba nina faili lisilo na nakala alishangaa kama niliyemwambia natembea bila breki. Akanipa njia: nilifunge kwa usimbaji fiche, kisha nilipandishe. Likishafungwa hivyo, hata anayelibeba anaona takataka za herufi; maana inabaki kwa mwenye ufunguo. "Ni fumbo tu, shangazi," akasema. Neno hilo lilinigusa, maana watu wa pwani mafumbo ndiyo kazi yetu. Tunayavaa kwenye kanga, tunayaimba kwenye taarabu, na anayekusudiwa anajua kwamba ndiye yeye.

Nikamfikiria Muyaka bin Haji wa Mombasa, fundi wa mafumbo aliyefariki mnamo 1840. Mashairi yake yalibaki vichwani mwa watu wa mji kwa miongo kadhaa. Mwishoni mwa karne ile mmishonari W. E. Taylor aliyaandika akisaidiwa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah, na Sikujua ndiye aliyemfungulia maana za ndani: nani alikuwa akitupiwa neno, na kwa kisa gani. Karatasi hizo zikaenda London, ambako zimo hadi leo katika maktaba ya SOAS, na mwaka 1940 William Hichens akayachapisha mengi kwa jina la Diwani ya Muyaka. Ukipenda, London ndiyo wingu la Muyaka. Lisingekuwako, tungekuwa na jina na beti chache. Na lau si Sikujua kutoa ufunguo, tungekuwa na beti nyingi zilizofungwa.

Kwa hiyo ningekuwa mjinga kulitukana wingu kwa ajili ya bibi. Muyaka alitunga ili asikiwe. Fumbo lake, hata liwe gumu vipi, lilikuwa limeshatoka nje ya nyumba kumtafuta mwenye kulifumbua. Hata faili lililofungwa kwa ufunguo wa tarakimu 40 linapopanda, linapanda kwa matumaini kwamba siku moja, pahala fulani, atatokea wa kulifungua. Bibi hakunifumbia. Alisema zima.

Hapo ndipo kanuni ya 3-2-1 na mimi tulipoagana kwa wema. Inahusu vitu tunavyotaka vituzidi umri, na vitu hivyo nimeviandalia nakala 3 kama inavyotaka, ya tatu ikiwa Maskati katika kabati la dada yangu. Lakini viko vingine ambavyo haki yake ni kuweza kupotea. Wakati mtu alipokuwa akisema jambo la ndani na kufa, jambo lile lilidumu kadiri ya kumbukumbu ya aliyeambiwa, likififia pamoja naye. Hakuna aliyeita huko kufifia hasara. Ndivyo jambo la ndani lilivyokuwa likimalizika. Sasa programu imekuja na ukarimu usioombwa, kila kitu kinadumu sawa na kila kitu, na kazi ya kuacha kitu kife, ambayo zamani ilifanywa na miaka, tumeachiwa sisi na vidole vyetu.

Hukumu za amana zina kifungu kimoja zaidi, ambacho utotoni nilikikariri bila kukiwazia: ikipotea bila uzembe wa aliyewekewa, halipi.

*

Folda ya Ndani inaishi kwenye diski ya nje isiyounganishwa na kitu. Nimeitia katika kasha la bibi, lile la misumari ya shaba, ndani ya droo ya siri ambayo familia nzima inaijua. Kila mwaka kabla ya Ramadhani nalifungua kasha, naziinua kanga zake kuzipunga hewa, naichomeka diski kuona kama bado iko hai. Chumvi ya huku kwetu haisamehe chuma. Mwaka huu ilichukua muda mrefu kuamka, na ilipoamka ikaanza kulia tik, tik, kama mjusi dirishani.

Nikaipeleka kwa fundi Darajani, kijana mpole mwenye meza ya upana wa sinia. Akaitegea sikio kama daktari. "Hii inakufa, dada. Nunua mpya, nikuhamishie leo leo." Nikanunua. Nikavuta kibao, nikakaa ubavuni pake, nikamwonyesha cha kuhamisha: shajara, barua, hadithi zisizojua kutembea. Mstari wa kijani ukawa unajongea polepole, ile ya zamani ikilia, ile mpya ikiwa kimya. Tulikaa karibu saa nzima. Aliagiza kahawa mbili, yangu akanilipia.

"Tayari," akasema. Kisha akainama karibu na kioo. "Limebaki moja, dada. La sauti. Hukuliweka alama."

"Najua."

"Dogo tu hili, dakika 11. Halichukui hata sekunde mbili."

"Liache, kaka."

Akanitazama, akaitazama diski, asiulize. Akanyoosha mkono akachomoa waya, na ule mlio ukakoma.